MASHINE YA DUKANI ISIWE SHAHIDI WA UONGO

Siku hizi mwenye duka dogo, awe wa Kariakoo au wa Mwanjelwa, hakai sana bila kutembelewa na mtu anayeuza mfumo wa mauzo. Mmoja huja na mashine yenye kioo na kichapa risiti. Wa pili huja na programu ya kuwekwa katika simu. Wa tatu husema kwamba yake ni bure kwa mwezi wa kwanza. Wote huahidi jambo moja, kwamba mali haitapotea tena, na kwamba mwenye duka ataweza kukaa nyumbani kwake akaiona kila shilingi inayoingia.

Sisi hatuna ugomvi na mashine. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na mfumo wa mauzo, ukiuvua mapambo yake yote, ni daftari. Huandika kilichouzwa, hupunguza hesabu ya kilichobaki, na jioni hutaja fedha zinazopasa kuwamo katika droo. Hiyo ni kazi njema.

Lakini twaona kwamba katika mazungumzo ya ununuzi yuko mtu mmoja asiyeulizwa neno, naye ndiye atakayeshinda na mashine hiyo toka asubuhi hata usiku. Mtu huyo ni mwuzaji wa duka. Mashine itaandika kwa jina lake, na ikisema kwamba fedha zimepungua, yeye ndiye atakayesimamishwa mbele ya tajiri wake na kuulizwa ziko wapi. Kwa hiyo twapenda leo kusema na wenye maduka na wafanyakazi wao pamoja, na shauri letu ni moja: chagueni mashine iwezayo kusema kweli kwa pande zote mbili.

Asili ya mashine hii yafaa ijulikane. Mwaka 1879, katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio huko Marekani, mwenye baa mmoja aliyeitwa James Ritty, akisaidiwa na ndugu yake John, aliunda na kuandikisha mashine ya kuhesabu fedha za mauzo. Alikuwa amechoka kuona fedha zikitoweka mikononi mwa wauzaji wake, na chombo chake akakipa jina lenye maana ya karani asiyehongeka. Mashine hii basi ilizaliwa katika mashaka ya tajiri juu ya mfanyakazi, na mashaka hayo hayajaitoka mpaka leo. Walakini shahidi aliyeitwa na upande mmoja hazuiwi kuutetea upande wa pili, maadamu asema kweli.

Na asiposema kweli? Jibu limeonekana Uingereza. Huko posta nyingi ndogo huendeshwa na watu binafsi, na mara nyingi ndani ya maduka yao wenyewe. Kuanzia mwaka 1999 Shirika la Posta liliwawekea watu hao mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Haukupita muda mrefu mfumo huo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambao wenye posta hawakuweza kuueleza. Shirika liliusadiki mfumo, likawashtaki watu. Wako waliolipa kwa akiba zao zote, wako waliofilisika, na wako waliotiwa gerezani. Zaidi ya watu 900 walihukumiwa. Sheria ya nchi hiyo ilichukulia kwamba kompyuta i sawasawa mpaka kinyume chake kithibitishwe, na mtu mwenye duka la kijijini angethibitishaje?

Mmoja wao, Alan Bates, aliyekuwa na posta ndogo huko Wales na aliyeondolewa mwaka 2003, hakukubali kunyamaza. Aliwakusanya wenzake, na watu 555 wakaenda mahakamani pamoja. Mwezi wa Desemba mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo, tena kwamba hesabu za posta moja ziliweza kubadilishwa na mtu aliye mbali bila mwenye posta kujua. Mwaka 2024 Bunge lao likapitisha sheria ya kufuta mamia ya hukumu hizo. Lakini baadhi ya waliohukumiwa walikuwa wamekwisha kufa wakiitwa wezi.

Msomaji atatuambia kwamba hayo ni mambo ya mashirika makubwa, na duka lake lina rafu tatu tu. Sisi twamjibu kwa gunia la sukari.

Gunia la sukari lina kilo 50, yaani robo 200. Mwuzaji akizidisha gramu 5 tu katika kila robo anayopima, punje ambazo mteja hazioni wala yeye mwenyewe hazihisi mkononi, gunia hilo litatoa robo 196, wala si 200. Robo 4 zimekwenda, nayo ni karibu kilo nzima, na hapana aliyeiba. Sasa tieni humo mashine iliyoambiwa kwamba gunia moja ni robo 200. Jioni itaandika kwamba zimepungua robo 4, wala haitaandika kwamba zilikwenda kwa kupima. Tajiri atasoma neno moja tu, upungufu, naye atamtazama kijana wake kwa jicho jingine. Hivi ndivyo mashine isiyofaa kwa duka inavyoweza kuvunja uaminifu uliojengwa kwa miaka, na hali haikusudii ubaya wowote.

Kwa hiyo twasema kwamba mwenye duka asianze kwa kuuliza ipi ni mashine nzuri. Aanze kwa kulijua duka lake. Kabla ya kutoa shilingi, na anunue daftari la kawaida aandike kwa mwezi mmoja: ana bidhaa za aina ngapi, zipi huuzwa kwa pakiti na zipi kwa kupima, auza kiasi gani kwa fedha taslimu, kiasi gani kwa simu, na kiasi gani kwa mkopo, nani hufungua duka, na nani hufunga. Asiyeweza kudumu na daftari kwa mwezi mmoja hataweza kudumu na mashine, maana mashine nayo yataka kulishwa kila mzigo unapoingia. Na aliyedumu atakuwa na maswali yake mwenyewe tayari, wala hatakuwa mtu wa kutikisa kichwa tu mbele ya kila anayemjia na kioo kinachong'aa.

Wazee wetu wanayakumbuka maduka ya ushirika. Mwaka 1962 kiliundwa chombo kilichoitwa COSATA ili kuyapatia maduka hayo bidhaa, na mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya watu binafsi vijijini yashikwe na vijiji vyenyewe. Mengi hayakudumu. Sababu zilikuwa nyingi, na uchache wa bidhaa ulikuwa mmojawapo. Lakini duka lisilo na hesabu safi likifa, hata sababu ya kifo chake haijulikani. Wanachama hubaki kunong'ona juu ya jina la mtu, na mtu huyo hana karatasi ya kujitetea. Jambo hilo halijabadilika.

Haya, tuingie katika maswali yenyewe.

Swali la kwanza ni la vipimo. Wauzaji wa mifumo hupenda kuonyesha taa nyekundu inayosoma mistari myeusi iliyochapwa juu ya pakiti. Mistari hiyo ilianza kazi ya dukani tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, Ohio, kwa pakiti ya ubani wa kutafuna, na hakika ni kitu chema kwa sabuni, biskuti na dawa ya meno. Lakini mchele hauna mistari, wala maharage, wala mafuta ya kupima. Ikiwa sehemu kubwa ya mauzo yako hutoka katika gunia na dumu, taa hiyo itakusaidia kidogo sana. Ulizia mfumo unaojua kuvunja gunia kuwa kilo, robo na nusu robo. Tena wenye mahali pa kuandika kilichokwenda kwa kupima, kilichooza, kilichoraruka na kilichotumiwa nyumbani kwa mwenye duka. Hilo la mwisho tumeliweka kwa makusudi, maana mchele wa tajiri mwenyewe umekwisha kumtia mwuzaji matatani mara nyingi.

La pili ni la umeme na mtandao. Mfumo unaosimama mtandao unapokatika utamlazimisha mwuzaji kuandika pembeni kwenye kipande cha boksi, na kipande cha boksi hupotea. Usikubali maneno matupu. Mwambie anayekuuzia azime intaneti mbele ya macho yako, auze vitu kumi, kisha aiwashe tena, nanyi mwangalie kama vyote kumi vimeandikwa, kila kimoja mara moja tu. Akisita, umekwisha kupata jibu.

La tatu ni la jina na alama. Kila auzaye awe na namba yake ya siri, hata kama ni mdogo wake mwenye duka aliyekuja kushika zamu ya saa moja. Penye namba moja ya watu watatu, kosa la mmoja ni la wote, na kwa kawaida humwangukia yule mnyonge. Tena kila hesabu inayofutwa au kubadilishwa iache alama: ilikuwa nini, imekuwa nini, nani aliibadilisha, na saa ngapi. Na twasema wazi kwamba sharti hili limpate mwenye duka pia, na fundi wa kampuni anayeingia akiwa mbali. Wenye posta wa Uingereza walikosa hasa kinga hii.

La nne ni la fedha za simu. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, zikafuatia na nyingine, droo ya duka haielezi tena mauzo yote. Tuseme duka limeuza vitu vya shilingi 300,000 kwa siku, na katika hizo 90,000 zimelipwa kwa simu na 40,000 ni mkopo. Droo itakuwa na 170,000, mbali na chenji ya kuanzia, nayo ni sahihi kabisa. Lakini mfumo usiotenganisha njia hizi utadai 300,000 taslimu, na mwuzaji ataonekana amepoteza 130,000. Chagua mfumo unaozigawa njia zote tatu kila moja mahali pake. Na ujumbe wa malipo usisomwe katika simu ya mteja, kwani wajanja wamejifunza kuubuni. Usomwe katika simu ya duka.

La tano ni la kodi. Hapa wengi huchanganya vitu viwili. Mashine ya risiti za kodi, iliyoanza kutumika nchini mwaka 2010, kazi yake ni kuijulisha Mamlaka ya Mapato Tanzania juu ya mauzo. Mfumo wa mauzo kazi yake ni kumjulisha mwenye duka juu ya duka lake. Yawezekana ukawa na kimoja bila kuwa na kingine. Twakumbuka jinsi mwaka 2013 na 2014 wafanyabiashara wa miji kadhaa walivyofunga maduka kwa kulalamikia gharama za mashine hizo, na kwa sababu hiyo twasema, asinunue mtu chombo cha pili kabla ya kujua kama kitashirikiana na kile cha kwanza, ama sivyo kila kiberiti kitaandikwa mara mbili. Na swali la kama mfumo unakubalika kutoa risiti halali aulizwe ofisa wa Mamlaka, wala si yule anayeuuza.

La sita ni la umiliki wa hesabu. Ukiacha kulipa ada ya mwezi, hesabu zako za miaka miwili zitakuwa wapi? Je, waweza kuzitoa zote mwenyewe, ukaziweka katika kompyuta nyingine au ukazichapa, bila kumwomba mtu? Kama huwezi, basi umekodi kumbukumbu yako mwenyewe. Wala usitegemee risiti kuwa ghala, maana nyingi huchapwa kwa joto juu ya karatasi isiyotumia wino, na zikikaa juani maandishi hufifia. Tena, daftari la mikopo lina majina na namba za simu za majirani. Tangu mwaka 2022 nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata kama isingekuwako, si uungwana madeni ya mama mwenye watoto kusomwa na mtu asiyemjua.

La saba ni la gharama, na hili twataka lifanywe kwa kalamu. Tuchukue tena duka lile la shilingi 300,000 kwa siku, kwa siku 26 za mwezi: mauzo ni 7,800,000. Ikiwa faida kabla ya pango, mshahara na umeme ni shilingi 10 katika kila 100, duka limepata 780,000. Mfumo wa kulipiwa 30,000 kila mwezi utakula faida ya siku nzima moja, na bado karatasi, vifurushi vya intaneti na fundi. Sasa, ikiwa kwa kukosa hesabu duka lapoteza shilingi 2 katika kila 100 za mauzo, limepoteza 156,000. Mfumo ukiokoa theluthi moja tu, yaani 52,000, umekwisha kujilipa. Lakini ikiwa lapoteza shilingi 2 katika kila 1,000, hasara yote ni 15,600, na hapo daftari na kalamu vyatosha. Si haya kwa mwenye duka kusema kwamba bado hajafikia mashine. Haya ni kununua kwa sababu jirani amenunua.

Hayo ndiyo ya kuchagua. Lakini mashine iliyochaguliwa vizuri yaweza kutumiwa vibaya, na hapo twarudi kwa mfanyakazi.

Mapatano na yafanywe kabla ya mashine kuwashwa siku ya kwanza. Kila zamu inapokwisha, fedha zihesabiwe na watu wawili, anayeondoka na anayepokea, na wote watie saini, iwe katika mashine au katika daftari. Bidhaa za kupima zikaguliwe kila juma, zisingojewe mpaka mwisho wa mwaka, maana upungufu wa juma moja waweza kutafutwa ukaonekana, bali wa mwaka mzima huwa ni kesi. Na mwuzaji aruhusiwe kuona hesabu za zamu yake mwenyewe. Shahidi anayesema faraghani na upande mmoja tu si shahidi tena; huyo ni mpelelezi.

Tena ijulikane kwamba upungufu ulioonyeshwa na mashine hautoshi peke yake kukata mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema kwamba mwajiri hawezi kukata mshahara kufidia hasara isipokuwa hasara hiyo imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, naye amejulishwa kwa maandishi sababu na kiasi chake, na amepewa nafasi ya kupinga; na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake. Wako wenye maduka wasiojua hayo, na wako wafanyakazi wengi zaidi wasioyajua. Basi na wayajue leo. Kijana akiambiwa mwisho wa mwezi kwamba kompyuta imesema, anayo haki ya kuuliza kompyuta ilijuaje.

Hatusemi kwamba hapana wauzaji waibao. Wapo, na mwenye duka aliyelala njaa ili apate mtaji anayo haki ya kulindwa nao. Lakini mwizi na mwaminifu hutenganishwa na hesabu zilizo sahihi, nazo zikiwa za uongo, mwizi hujificha ndani yake na mwaminifu hufungwa kwa ajili yake. Kwa hiyo usahihi wa mashine ni kinga ya tajiri na ni kinga ya mfanyakazi, wala haiwezekani mmoja akaupata mwenziwe akaukosa.

Twawashauri basi wenye maduka madogo: mtu ajapo kuwaonyesha mashine, mwiteni mwuzaji wenu akae nanyi mezani. Yeye ajua gunia lipi hupungua kwa unyevu, saa ipi wateja hujaa mlangoni, na mteja yupi hulipa kesho. Mpeni yeye mashine hiyo aijaribu kwa siku saba, na mizani, na foleni ya jioni, na umeme ukiwa umekatika. Akisema inamfaa, nunueni. Akisema haimfai, mwulizeni kwa nini, na jibu lake liandikeni katika daftari.